Mtani Ataka Kutembezwa Pwani

"Washa gari, mbwa wewe!" mgeni aliamuru, akajitupa kiti cha nyuma na kupandisha miguu yake yenye matope juu ya kitambaa safi. "Leo nataka kutembezwa pwani kama Mzungu."

Albano aliuma midomo, kisha akajilazimisha kucheka. Ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya kaka yake Kasiani, nyumbani kwa marehemu huko Temeke, na Wangoni wote waliojaa uani walikuwa wakimtazama. Mgeni alifika asubuhi, akajitangaza kuwa Mhehe. Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu zao. Na mtani akiingia msibani hutukana, hunyang'anya na kuamrisha, wala hapana ruhusa ya kumkasirikia. Hakuna aliyemwuliza jina la baba yake.

"Na huyu kunguru mjane naye apande," mtani aliendelea, "pamoja na kifaranga chake. Nani atanipepea njiani?"

"Niache, mtani," Auleria alisihi. "Leo sina nguvu."

"Nguvu za kummaliza mume ulikuwa nazo!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Auleria alimfunga mwanawe mgongoni, akapanda huku machozi yakimtiririka.

"Mrudi kabla ya jioni," alisema Mzee Kornelio, baba wa marehemu. "Kikao hakitawangojea."

Uamuzi wa kikao hicho ulikwisha kujulikana. Gari lingekuwa la Albano. Mtoto Rosalia, ambaye alikuwa hajaachishwa ziwa, angepelekwa Songea kwa bibi yake. Auleria angerudi kwao Bukoba peke yake na sanduku la nguo. Mara tatu alikuwa amepiga magoti kumwombea mtoto, na mara zote tatu aliambiwa kwamba mtoto ni wa ukoo.

Walipita mjini, wakaifuata barabara ya baharini. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mawe, na mivinje ilivuma kwa upepo.

"Mbona unaendesha kama mtu aliyeiba gari?" mtani aliuliza.

"Ni gari la kaka yangu."

"Ndiyo maana."

Walivuka daraja la Selander, wakaingia Oyster Bay, ambako nyumba za Wazungu zilitazamana na bahari. Askari akawasimamisha.

"Mnatafuta nini huku?"

"Namwonyesha dereva wangu nyumba ambamo hawezi kulazwa hata pamoja na mbwa wao," mtani alijibu. "Matanga yake haya, afande. Mimi ni mtani."

Askari alicheka, akawapisha. Shingo ya Albano ilitota jasho.

Huko Msasani mtani alimgeukia mjane. "Nawe koma! Tangu nizaliwe sijaona mwanamke anayelia vibaya namna hii. Funga na hilo dirisha, vumbi litamwua kifaranga, halafu niambiwe ni mimi."

"Vumilia, shemeji," Albano alisema bila kugeuka. Yeye ndiye aliyemwita mjane huyo mchawi mbele ya kaburi, na matusi haya yalimburudisha kuliko upepo wa bahari.

Walipofika panapoachana barabara ya Bagamoyo na njia ya Kunduchi, mtani alikipiga teke kiti cha mbele.

"Simama! Nataka maji ya bahari nimnawishe mjane uso. Chukua debe."

"Bahari iko mbali, mtani, na nikiliingiza gari kwenye mchanga ule litazama."

"Basi nenda kwa miguu. Au umekasirika? Niende kuwaambia wazee kwamba mwana wa Kornelio amemkasirikia mtani?"

Albano alimtazama kwa chuki. Kisha akachomoa ufunguo, akautia mfukoni na kulichukua debe.

"Ukitaka kuiba gari, mtani, utalisukuma."

"Nenda, mbwa wewe! Na debe lisipojaa, utarudi tena."

Jua lilikuwa kali, na njia ya mchanga ilikuwa ndefu. Albano aliporudi, maji yakimchuruzika kichwani hadi mgongoni, aliliona gari kwa mbali liking'aa chini ya mkorosho, palepale alipoliacha. Alipapasa mfuko. Ufunguo ulikuwamo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu kwa moyo.

Wakati huo basi la Bagamoyo lilikwisha kuipita Bunju. Katika kiti cha mwisho mtoto Rosalia alikuwa akipiga mayowe, hataki kabisa kupakatwa na yule mtu wa matusi.

"Usimwogope, mwanangu," Auleria alimwambia. "Ametoka kazini kwake Tanga kutufuata. Huyu ndiye mjomba wako."