Begi Linalotema

Siku hizi hakuna kumpangia mtu vitu vya safari. Ili mzigo upungue na nauli ya ndege ishuke, begi lenyewe husikiliza mapigo ya moyo wa mwenyewe, likatema kila kitu asichokipenda.

Mwanamkuu alikitia kwa mara ya tatu kikoi alichomnunulia mumewe, Baba Rehema, ndani ya begi la mume huyo. Begi likakitema. Kitana cha Zaituni, mtalaka wa mumewe, kikabaki ndani kimetulia.

"Na hiki, Baba Rehema?"

"Mashine tu hiyo, mke wangu. Usinipandishie nauli."

Mume alipoondoka, Mwanamkuu alifungua begi lake mwenyewe, akalitupia shati la mumewe lililonuka jasho, akiomba litemwe.

Begi likalimeza, likajifunga, likagoma kufunguka.