Jometri Ukingoni mwa Ziwa

Mwaka 2014, kipupwe kilipokuwa kikiukaribia mwisho wake jijini Kolkata, mashua ya wasichana wanne na mshika usukani wao ilipita kwa kasi mbele ya benchi la saruji, na mtu pekee aliyeketi pale hakuinua hata jicho.

“Torsha, mamako anatudharau!” alilalamika Jhinuk, mshika usukani. “Tungekuwa bata, angalau angeturushia mkate.”

“Piga hesabu za mapigo, wewe, achana na mama yangu,” alijibu Torsha, akihema.

Mama Torsha alikuwa amejifunika shali hadi masikioni, kitabu cha jometri magotini, penseli katikati ya meno. Hivyo ndivyo alivyoketi kila alfajiri kwa muda wa saa mbili, huku binti yake, mwanafunzi wa darasa la tisa, akivuta kasia la tatu katika mashua ya shule. Wazazi wengine walikuja na chai ya chupa na umbea. Yeye alikuja na pembetatu.

“Mama Torsha,” alimwita mwalimu wa makasia, ambaye wote walimwita Kaka Palash, “wenzako wanaleta biskuti, wewe unaleta jometri! Mwache mtoto apumue.”

“Kaka Palash, wewe chunga mashua yako,” alijibu bila kugeuka. “Kila mtu na ziwa lake.”

Watu wakacheka. Torsha hakucheka sana. Mnamo Novemba karatasi ya mtihani wa majaribio ilikuwa imefika nyumbani ikiwa na alama ishirini na sita za hesabu kwa mia moja, moja tu juu ya alama ya chini kabisa ya kufaulu. Bibi, aliyeitawala nyumba ile kwa rungu la ulimi wake, aliisoma mara tatu, kisha akaivua miwani.

“Tangu nyumba hii isimame, hakuna aliyewahi kuufaulu mtihani mkuu,” alisema. “Niliambiwa ziwani kunasomwa. Haya, tutaona. Mtihani huu ukianguka, ziwani hakuendi mtu tena, si mtoto wala mama.”

Tangu siku hiyo, Torsha alijua kwamba kasia lake linaning’inia kwenye uzi wa hesabu. Ratiba nayo ilikuja na kejeli yake: fainali ya mbio za shule Jumamosi, mtihani Jumatatu.

Wiki moja kabla, walipokuwa wakirudi kutoka mazoezini, alishindwa kuvumilia.

“Mama, niiache mashua kwanza. Mtihani upite, ndipo nirudi.”

“Na kitabu kitafunguliwa wapi?” Mama alisimama ghafla. “Nyumbani hakusomeki. Ukishika ukurasa, cherehani inaita. Ukiachana na cherehani, jirani anaomba chumvi. Ziwani ndiko kwenye utulivu. Utavuta kasia lako mpaka mwisho, umenielewa?”

“Nimeelewa. Lakini unakaa kwenye baridi saa mbili nzima kila siku kwa ajili yangu.”

“Saa hizo ni deni, mwanangu. Ninazihesabu. Siku moja utanilipa, saa kwa saa.” Akamfinya shavu. “Haya, turudi kwenye duara.”

Njia nzima maswali na majibu yakapokezana, na jibu lilipokosewa, wote wawili walisimama palepale, katikati ya wapita njia, mpaka liliposahihishwa. Muuza bisi za mchele akatikisa kichwa.

“Mama, hata punda hupumzishwa! Mwonee huruma mwenzako.”

“Nani amwonee nani?” alisema Mama Torsha, na wote wawili wakaangua kicheko kilichomwacha muuzaji mdomo wazi.

Jumamosi ikafika. Mashua nne zilijipanga, na mabingwa wa mwaka uliopita walikuwa upande wa kushoto. Walipofika nusu ya njia, Torsha, akitazama nyuma kama watazamavyo wapiga makasia wote, aliiona ncha ya mashua ya mabingwa ikiwa sambamba na bega lake. Jhinuk akapaza sauti iliyowarusha ndege mitini. Mapigo kumi, kumi tena, kisha kumi ambayo hakuna aliyejua yalitoka wapi. Wakashinda kwa urefu wa nusu mashua.

Shangwe zililipuka. Wazazi walirukaruka, mmoja akatumbukiza kiatu majini. Benchini, Mama Torsha aliinua kichwa kama mtu aliyeamshwa usingizini.

“Mmekuwa wa ngapi?”

“Wa kwanza, Mama!”

Alimkumbatia bintiye aliyeloa chapachapa, akamzungusha mara mbili, akalia kidogo. Kisha akafuta machozi kwa ncha ya sari. “Sasa twende upesi. Zimebaki siku mbili, na duara halijakubali.”

Jumatatu, mbele ya lango la shule iliyokuwa kituo cha mtihani, barabara nzima ilijaa jamaa za watahiniwa. Walikuwa wametandika magazeti kando ya njia, tayari kungoja hadi alasiri, kama wafanyavyo kila mwaka. Hata Bibi alikuja, asiyetoka nyumbani ila kwa harusi na misiba, ameshika bakuli dogo la shaba lenye mtindi.

“Acheni kupiga soga, kengele inakaribia,” alifoka. “Lete paji la uso nikupake baraka. Na ukumbuke, soma swali mara mbili kabla ya kulijibu!”

Mama Torsha akainamisha kichwa, akapakwa nukta ya mtindi, akazipokea kalamu zake tatu kutoka mkononi mwa bintiye, akaingia langoni katikati ya watahiniwa wenzake, watoto wa darasa la kumi. Torsha akatandika gazeti lake miongoni mwa wazazi, akaketi, akaanza kulipa saa zake.