Mlango wa Mwenzako

Duka la mama fundi cherehani lilikaa juu ya mstari wa vita, na mlango kila upande. Ndiyo maana makamanda wa pande mbili walikubali kukutana humo: hakuna aliyetaka kukanyaga kwa mwenzake.

Mazungumzo yalipovunjika, kila mmoja aliuendea mlango wake. Milango yote miwili ilikuwa imefungwa. Funguo zilining'inia shingoni mwa fundi, na mkasi ulikuwa mkononi.

"Mama, tufungulie!"

"Nimewakatia sanda watoto wa pande zote, nimechoka. Nitafungua, ila kila mtu atatoka kwa mlango wa mwenzake."

Kamanda mmoja, mnene, akamgeukia adui yake.

"Watu wako si watanimiminia risasi?"

"Nikikushika mkono, hawathubutu. Na wako?"

"Nitakushika mimi."

Fundi akavua funguo.

"Haya. Tunaanza na mlango wa nani?"