Kibati cha Injini

"Mama, chukua hii ya silinda nne," muuzaji alisisitiza. "Hainywi mafuta, na kwa umri wako inakutosha kwenda kanisani na kurudi."

"Umri wangu umekuomba lifti? Fungua boneti ya ile nyekundu, ya silinda nane."

Muuzaji akaifungua huku akicheka. "Injini hii hatuwaachii roboti. Fundi mmoja anaifunga kwa mikono, mwanzo mpaka mwisho, halafu anabandika kibati chenye jina lake."

Mama alilijua hilo. Wiki nzima alikuwa akizunguka maduka ya magari ya Detroit, akifunguliwa boneti moja baada ya nyingine. Akavaa miwani, akainama. Kibati kilikuwa kidogo kama kidole gumba. Akakifuta kwa ncha ya skafu, akasoma: Odessa Pruitt.

Jina alilolichagua yeye mwenyewe, miaka thelathini iliyopita.

"Nachukua hii."

"Hujauliza hata bei!"

"Iwashe kwanza."

Injini ikanguruma, vioo vya duka vikatetemeka. Muuzaji akaziba masikio.

"Binti yangu huyo!" mama akapaza sauti, kifua mbele. "Hata siku namzaa alilia hivyo hivyo, wodi nzima ikaamka."