Mstari wa Wajane

Unga wa msaada uligawiwa katika uwanja wa shule walimojihifadhi waliokimbia mapigano.

"Wajane watangulie," alitangaza mgawaji. "Wengine msubiri gari la kesho kutwa."

Mize hakusogea. Mumewe alikuwa amebaki nyuma kufunga mlango, na hakuna aliyeiona maiti yake.

"Nenda, mwanangu," mama mkwe alimhimiza. "Watoto jana wamelalia maji matupu."

"Nikisimama pale, mama, nitakuwa nimemzika."

"Niliyemzaa ni mimi, na ninayekutuma ni mimi."

Mama mkwe akavua ushungi wake mweupe, akamfunika nao kwa namna ya mjane aliyekaa eda.

Mgawaji aliinua kibaba. "Jina la marehemu?"

Mize aligeuka kumtafuta mama mkwe. Yeye alikuwa ameielekea barabara, akimtazama usoni kila mwanamume aliyekuwa akiingia mjini.