Zuwena Haendi Harusini

"Usiingie, mama! Simama hapo hapo kwenye kamba ya nguo!"

Bi Tatu akasimama, mguu mmoja uani, mwingine bado nje ya geti la mabati. Alikuwa ametoka Marui alfajiri na kikapu cha mihogo mkononi, na hakutegemea kupokewa hivyo na binti aliyemzaa mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Zuwena akasema kutoka dirishani. Alikuwa amevaa miwani ya jua, mle mle ndani ya chumba kisichowashwa hata taa.

"Marahaba. Ndiyo nini sasa? Nimekuwa muuza dagaa, nisimamishwe uani?"

"Macho mekundu, mama. Misugusugu nzima inaumwa. Nesi kasema taulo langu peke yangu, mto wangu peke yangu. Hata Nuria nimempeleka kwa jirani, kwa Stellamaris." Sauti ikamlegea alipomtaja mwanawe. "Namwona kwa mbali tu. Jana kaninyooshea mikono nimbebe, nikarudi ndani nikafunga mlango."

Bi Tatu akakishusha kikapu. "Pole, mwanangu. Lakini Jumamosi si utakuja?"

"Siji."

"Zuwena!"

"Siji, mama. Niwaambukize watu ukumbi mzima?"

Bi Tatu akatazama huku na huku, akashusha sauti, ingawa uani palikuwa na kuku tu. "Unajua watakavyosema. Watasema umesusa kwa sababu ya Shomari."

Shomari, bwana harusi, ndiye yule yule aliyekuwa akisimamisha pikipiki yake kwenye geti hili hili mwaka jana, akimletea Nuria biskuti, na mama Nuria maneno matamu. Wazee wake walipotaka kuleta posa, Bi Tatu ndiye aliyewaelekeza kwa Naila, mdogo mtu. "Wewe ushapata mtoto," alimwambia Zuwena siku ile. "Mwachie mwenzio naye aanze maisha." Zuwena aliinamisha kichwa, akamwachia.

"Waseme," Zuwena akasema sasa. "Midomo ni yao."

Simu ya Bi Tatu ikalia ndani ya mtandio. Alikuwa ni Naila mwenyewe, kawekwa ndani kule Marui, hatoki wala haonekani mpaka siku ya ndoa. Bi Tatu akaweka spika, akainyanyua simu kuelekea dirishani.

"Dada, jamani! Vaa miwani uje hivyo hivyo, tutasema ni mashauzi ya mjini. Nani atanishika mkono nikitolewa nje?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Harusi siku hizi ni picha. Bora waseme dada mtu kasusa, kuliko wewe ukae jukwaani macho yamevimba kama nyanya mbovu, bwana harusi anageuzia uso kwingine."

"Astaghfirullah! Usiniapize bwana!" Naila akacheka, kisha kicheko kikakatika na kugeuka kilio. "Nakupenda, dada. Basi mpe mama wanja wa bibi. Kungwi anausubiri, anataka aanze kunipaka leo leo."

Wanja huo wa manga ulikaa ndani ya kikopo kidogo cha shaba chenye kijiti chake. Bibi alimwachia Zuwena autunze, kwa kuwa ndiye mjukuu wa kwanza. Kila bi harusi wa ukoo ule alipakwa wanja huo jioni kwa jioni, mpaka siku ya ndoa. Asiye bi harusi haruhusiwi, hata kwa kujaribu. Zuwena, aliyemzaa Nuria bila ndoa, alikuwa mtunzaji tu wa wanja usiomhusu.

Akaondoka dirishani, akarudi na kikopo, doti mpya ya kanga na chupa ya marashi. Kikopo akakisugua kwa sabuni, nje yote, mama yake akimtazama. Akakisuuza, akatia kila kitu kwenye mfuko mpya, akautundika kwenye ncha ya mpini wa fagio na kuupitisha katikati ya nondo za dirisha.

"Na wewe kanawe, mama. Bomba lile pale. Usijiguse uso."

Bi Tatu akanawa hadi viwiko. Alipoinuka, akajifuta mikono kwa ncha ya mtandio. "Nilikuwa naogopa, Zuwena. Uliposema unaumwa nikajisemea, huyu atakuja kwa makusudi atuharibie; ndiyo maana nikakuuliza ya Jumamosi. Mungu anisamehe. Mwanangu mwenyewe, nikamfikiria hivyo."

"Yaishe, mama."

Chozi likapenya chini ya miwani. Zuwena akalifuta upesi kwa tishu, akaifinyanga tishu ndani ya ngumi.

"Hata wewe unamlilia mdogo wako," Bi Tatu akasema. "Una moyo, wewe mtoto."

"Mwambie kungwi asimpunje. Ampake vizuri, mpaka ndani ndani. Bibi alipenda hivyo."

"Nitamwambia."

Bi Tatu akaondoka na mfuko ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Zuwena akabaki dirishani, akasikiliza bodaboda ikiunguruma kuelekea barabara kuu, mpaka sauti ikapotea.

Ndipo akawasha taa, akasogea kwenye kioo, akavua miwani. Macho yalikuwa yamevimba kama nyanya mbovu, yanatiririka. Na kuyazunguka, kope za juu na za chini, wanja wa bibi ulikuwa umekolea, mweusi tii, kama wa bi harusi.