Karanga Zilizoota Gunini

Mungu akitoa habagui mlango. Mto ulifurika, na maji yalipopungua, Kindi mwenye ndoto nyingi alikuta gunia la karanga limekwama mlangoni pake. Akamwita dada yake, mwenye ulimi mkali, akamchorea mchangani boma ambalo mali hiyo ingewajengea.

"Nyumba ya mama katikati. Yako ile, yangu hii, na wadogo zetu warudi wote walikotawanyika. Jiko liwe moja!"

"Kaka, anika karanga kwanza. Zimelowa."

"Subiri, bado sijaweka zizi."

"Zizi? Umeona wapi kindi akafuga ng'ombe?"

Dada akacheka, akaenda zake. Kindi alichora, akafuta, akachora tena. Siku alipofungua gunia, karanga zote zilikuwa zimeota. Akamfuata dada, kichwa kimeinama.

"Nimekosa, dada. Ulinionya, nikajifanya bwana mkubwa. Mali ya sote imeharibika."

Dada akazitazama. "Kuliwa hazifai. Kupandwa zinafaa. Waite wadogo zetu, ila usiwaambie waje kula. Waje kulima."

Wakaja, na mama yao akaja. Wakapanda. Kwa kuwa kunguru hufukua karanga changa, kila mmoja alijenga kibanda upande wake wa shamba ili alinde. Kuni zilikuwa chache, basi wakapika chungu kimoja, na mama akamshukuru Mungu kwa watoto aliowaona pamoja.

Nami nina kaka tuliyegombana naye kwa ajili ya kiwanja. Wewe uliyenisikiliza, nakuomba unisindikize kwake, nikamwambie nimekosa.